Bakteria Wangu Walao Mafuta

Jumatatu, tarehe 3

Jopo la kupima maendeleo yangu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Msimamizi wangu ameniambia leo bila kupepesa macho: nikiwaonyesha jopo bakteria walioipokea jeni, naendelea na uzamili. Nikienda mikono mitupu, masomo yameishia hapo. Nimecheka kidogo. Yeye hakucheka.

Kazi yenyewe ni nzuri sana, sijui kwa nini watu hawaioni. Nachukua bakteria wa kawaida, nawapa jeni ya kuwafanya wale mafuta yaliyoganda kwenye mabomba. Wazo nililipata kwenye sinki la dada yangu, ninakoishi. Sinki hilo likiziba, mume wake huniangalia mimi.

Shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi. Hana neno baya, ila ameshanunua aproni ya kijani ya saizi yangu na kuitundika nyuma ya mlango wa duka. Kila jioni mezani huniuliza, eti Profesa, hao wadudu wako wanaendeleaje? Namwambia wanaendelea vizuri. Bado sijawapa jeni.

Tatizo ni Glavu. Tulianza uzamili siku moja, meza zetu zinatazamana. Anavaa glavu hata kufungua dirisha. Kila asubuhi namkuta ameshakalia kabati la usafi, lile lenye hewa iliyochujwa, na hatoki. Bila kabati siwezi kazi safi. Bila kazi safi, aproni.

Lakini nina mpango!

Jumanne, tarehe 4

Nimebandika karatasi kwenye kabati: LIMEHARIBIKA, USITUMIE. Kesho Glavu ataisoma, atakwenda maktaba kama kawaida yake, nami nitaibandua na kufanya kazi kwa raha zangu. Hakuna anayeumia. Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Jumatano, tarehe 5

Msiba. Glavu hakwenda maktaba. Alimwita fundi.

Fundi alifika saa mbili kasoro, kabla yangu, na sanduku la vifaa kubwa kuliko begi langu la safari. Alikagua kabati lote. Hakukuta kosa. Mtu mwingine angefunga na kwenda zake. Huyu aliendelea kutafuta mpaka kosa likapatikana, na nina hakika halikuwepo alipoingia. Ameibeba feni ya kabati akaitengeneze karakana. Amesema wiki ijayo, Mungu akipenda.

Glavu alinisogelea akasema pole, maana anajua nina jopo. Kisha akaitazama ile karatasi, akaitazama tena, akasema mwandiko huu kama anaufahamu. Nikajifanya nahesabu mirija ya pipeti.

Alhamisi, tarehe 6

Sasa kuna meza moja tu yenye kichomeo, pale kwenye kona. Ukifanya kazi karibu na mwali wa moto, hewa chafu haikusogelei. Glavu ameniambia kwa heshima zote kwamba ataihitaji saa nne. Nikamwambia haina shida. Moyoni nikasema: saa nne utanikuta nimemaliza!

Niandike utaratibu hapa ili siku moja wanaonifuata wajifunze. Unapika chakula cha bakteria, rojo fulani. Unakiacha kipoe. Unatia dawa ya kuua bakteria. Unamimina kwenye visahani, kinaganda. Kisha unawapandikiza bakteria wako, ambao umekwisha kuwatilia jeni. Walioipokea jeni wamepokea na kinga ya hiyo dawa, kwa hiyo wanaota vidoa vyeupe. Wasioipokea wanakufa. Kisahani kinakuchambulia chenyewe.

Hapo kwenye kupoa ndipo watu wanapopoteza maisha yao. Eti usubiri mpaka uweze kuishika chupa kwa mkono mtupu. Kwani anayeshika chupa ni bakteria? Nimeitoa kwenye mashine ya mvuke ikiwa bado inatokota, nikatia dawa, nikamimina. Mwongozo unataka pia kisahani cha kulinganishia: unaweka bakteria wasio na jeni, ili uone kama watakufa. Nimeona ni uharibifu. Tunajua watakufa. Ndiyo maana inaitwa dawa.

Saa nne kamili Glavu alikuta meza imefutwa na mimi napiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 7

USHINDI!

Nimefungua inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea bakteria, asubuhi; visahani vyote vimejaa. Si vidoa vichache kama vya Glavu, ambaye akipata kumi anapiga picha. Vyangu vimetapakaa mpaka ukingoni, huoni mahali pa kuweka sindano. Nimemwita Glavu aone. Ametazama kwa muda, akasema wameota wengi mno. Wivu mtupu, maskini.

Nimempigia simu dada, naye amempigia mama, na mama amewapigia watu wote anaowajua. Jioni shemeji amenipisha kiti chake. Hajawahi. Nimewaeleza mezani kwamba kwa kasi hii, mabomba ya mji mzima yatakuwa safi nikiwa bado kijana. Hakuna aliyenikatiza.

Jambo dogo tu: msimamizi naye ameviona visahani. Huyu mama hasemi sana. Ameuliza kisahani cha kulinganishia kiko wapi. Nikasema sikuona haja. Akasema yeye anaiona, na amekitaka Jumanne, kutoka chupa ileile ya chakula. Nimebakiwa na visahani viwili katika friji. Sawa. Nitamfurahisha.

Jumatatu, tarehe 10

Nimepandikiza bakteria mbumbumbu, wasio na jeni, kwenye visahani vilivyobaki. Kesho vitakuwa vitupu na msimamizi ataniomba radhi. Nimefanya mazoezi ya kumsamehe mbele ya kioo cha chooni. Si haba.

Jumanne, tarehe 11

Vimejaa.

Vimejaa hivyohivyo. Mpaka ukingoni. Bakteria wasio na chochote, hawana jeni wala kinga, wamekula dawa na kunenepa.

Msimamizi alivishika vile viwili mkono mmoja na vile vya Ijumaa mkono mwingine, akaniuliza tofauti iko wapi. Glavu, kutoka meza yake, akauliza taratibu dawa niliitia chakula kikiwa na joto gani. Nikasema joto la kawaida. Akasema kawaida ipi. Nikasema ya kutokota. Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa. Kumbe dawa hiyo ikikutana na joto kali inaharibika. Nilimimina rojo tupu. Hata vumbi la dirishani lingeota pale.

Kwa hiyo sina bakteria hata mmoja ninayeweza kuapa kwamba ana jeni. Jopo ni Ijumaa hii. Msimamizi amesema ana huzuni, na najua ni kweli, maana alisahau miwani yake mezani kwangu na hakurudi kuichukua.

Nilipitia dukani. Shemeji hakunicheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliiteremsha aproni, akasema nijaribu tu, si lazima iwe leo. Inanikaa vizuri sana. Nilijisikia kulia kati ya misumari na rangi za ukuta. Sitaki kuuza misumari. Nataka kazi hii ya vidoa vyeupe, hata kama yenyewe hainitaki.

Nyumbani dada alinisubiri mlangoni. Alisema tu kwamba kesho ataniamsha mapema, na nisimletee uso huo.

Jumatano, tarehe 12

Glavu alikuwa amepika chakula cha bakteria kabla sijafika. Ameniambia bado kuna siku ya leo na kesho, na bakteria hawahitaji zaidi ya usiku mmoja. Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema nikiondoka, huenda wakamletea anayeongea zaidi yangu.

Kisha akanipa chupa niishike kwa mkono mtupu. Inachoma. Akasema subiri. Tukasubiri. Nikasema sasa. Akasema bado. Nimeishi miaka mingi, lakini sijawahi kuishi muda mrefu kama ule. Mwishowe nikaweza kuishika bila kuruka, tukatia dawa, tukamimina. Kisahani cha jeni. Kisahani cha kulinganishia, tena amenisimamia wakati nakiandaa. Kilichonishangaza ni kuvua kwake glavu ili naye aiguse chupa. Ana vidole vya kawaida tu.

Alhamisi, tarehe 13

Kisahani cha kulinganishia: kitupu. Kinang'aa kama kimeoshwa.

Kisahani cha jeni: kitupu pia. Glavu akakichukua, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaniita. Pale pembeni, karibu na ukingo. Kidoa kimoja. Kidogo kama punje ya chumvi. Cheupe, cha mviringo, kizuri!

Mmoja! Ni wangu na ni wa kweli. Nimepiga kelele hadi msimamizi akaja mbio. Amekitazama, akachukua miwani yake, akakitazama tena. Akasema, huyu namwamini. Nimemwona akitabasamu. Naapa.

Ijumaa, tarehe 14

Jopo. Watu watatu, meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Kidoa kimoja nilikiona kitawatia watu huruma, kwa hiyo picha niliikuza mpaka kikajaa ukuta mzima. Mzee wa katikati akauliza kama tunatazama mwezi. Nikalazimika kukiri ukubwa wake halisi. Wakanong'ona. Nikajua nimekwisha.

Hapo mama wa kushoto akaomba kuona kisahani cha kulinganishia. Nikawaonyesha picha ya kisahani kitupu. Sijawahi kuona watu wazima wakitazama kitu kitupu kwa furaha vile! Walitikisa vichwa kwa kukubali, wakaulizana, wakaniuliza chakula nilikipoza kwa muda gani. Nikawaeleza kwa sauti nzito habari ya chupa na mkono mtupu, kama mtu aliyezaliwa akijua. Glavu, mlangoni, akapata kikohozi.

NIMEPITA. Naendelea na uzamili! Dada alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio. Shemeji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema kweli amefurahi, halafu akauliza kama huyo mdudu mmoja anaweza kuanza na sinki letu. Aproni ameivaa mwenyewe. Inambana.

Jumatatu, tarehe 17

Siku mpya, mtu mpya. Nimetafakari makosa yangu kwa kina na somo nimelipata.

Sasa yule mmoja lazima awe wengi. Nimemkwangua kwa uangalifu na kumtia kwenye chupa ya supu yake, aongezeke. Glavu amenibembeleza nimpe chembe aiweke kwenye friza, eti akiba. Nimempa ili aridhike. Woga hautibiki.

Mwongozo unataka inkubeta iwe na joto la mwili wa binadamu, na usubiri hadi kesho. Joto la mwili wa binadamu! Mimi nina joto hilohilo na mchana nasinzia. Kosa langu la wiki iliyopita halikuwa joto, lilikuwa kulipeleka joto kwenye dawa. Dawa ndiyo isiyolipenda. Bakteria ni viumbe hai, nani asiyependa kupashwa?

Nimeipandisha inkubeta kutoka nyuzi thelathini na saba mpaka sitini. Glavu alipopita nilisimama mbele ya namba, nikapiga mluzi. Nimemwambia msimamizi aje leo hii saa nane mchana, na wageni wowote anaotaka.