Milimita Mbili za Kitale

Jumatatu, 7 Agosti 2006, Kitale
Ubao wa sakiti wa redio ya Mwalimu Jotham umeungua. Redio hiyo tuliijenga watatu mwaka 1978: yeye, Wekoye na mimi. Mistari ya kupitishia umeme tuliichora juu ya shaba kwa njiti ya kiberiti na rangi ya kucha ya mke wa Mwalimu. Chumba kizima kilinukia harusi. Sasa amestaafu, Ijumaa anahamia Kachibora, na anataka kuondoka ikiimba. Nimeahidi. Wekoye kapiga simu kutoka Bungoma, ati atachora kwa mkono kama zamani. Nimemwambia zamani ni ya kukumbukwa, si ya kurudiwa. Nina kompyuta.

Jumanne
Nimechapisha mchoro kwenye saiba ya Sabiha, duka lake la intaneti, nikaupiga pasi juu ya shaba, nikautia dawa inayokula shaba isiyofunikwa, nikatoboa. Swichi ya stesheni ina miguu kumi na minane. Kumi imeingia. Minane imegoma. Printa imefupisha mchoro! Nimerudi saiba, nikahutubia foleni nzima kuhusu taifa linaloamini mashine bila kuzipima. Sabiha akauliza, kwani mzee wewe uliipima? Ati nichapishe mstari wa sentimita kumi, nione unatoka ngapi, kisha nikuze mchoro kwa kiasi kilichopungua. Sifundishwi na msichana aliyezaliwa baada ya redio yangu.

Jumatano
Nimefundishwa. Sabiha alipokwenda kuswali, nimechapisha mstari kisirisiri. Sentimita tisa na milimita nane. Nimekuza mchoro hadi asilimia mia na mbili. Akarudi kabla sijauchapisha. Anione nikimtii? Nitauchapisha Bungoma.

Alhamisi, Bungoma
Printa ya huku hurefusha. Mguu wa mwisho hauoni tundu lake. Wekoye alicheka mpaka akaketi. Ati mgonjwa nimempima Kitale, dawa nimemnywesha mwingine Bungoma. Kisha akamwomba mkewe, Nakhungu, rangi ya kucha. Wekoye akachora, mimi nikamshikia ubao. Harufu ilikuwa ileile. Kwa saa nzima nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Ijumaa, Kitale
Imeimba. Mwalimu alikuwa ameifungua mgongo kwanza, akapitisha kidole kwenye mistari, akasema huyu ni Wekoye, mkono wake hutetemeka kwenye kona. Akafuta macho. Sasa anataka nyingine ya kanisa la Kachibora. Nimekubali, na safari hii simwombi mtu rangi. Printa ya Kitale hufupisha, ya Bungoma hurefusha. Nusu ya mchoro nitachapisha huku, nusu kule.