Amri ya Kutojikunja

Haya nilisimuliwa na Oh Mal-sun, mke wa bawabu, msimu uliopita wa kimchi, achari ya Kikorea, tukitia kabichi chumvi mikono imekufa ganzi.

Kwa heshima na taadhima, Mkurugenzi Pyo Gwang-sik wa taasisi ya seli mjini Daejeon alitangaza kwamba hakuna kilichokunjwa kitakachoingia jengo jipya. Sababu ilikuwa ya kisayansi. Baadhi ya protini mpya zikitengenezwa ndani ya seli hupelekwa mitokondria, vile vijumba vinavyotupa nguvu, na mlango wake ni mwembamba: iliyojikunja haipiti, sharti inyooke kama uzi.

"Kama protini inaweza," alisema, "mtumishi wa umma atashindwaje?"

Amri ilifanya kazi vizuri sana. Miavuli iliingia imefunguliwa. Mpishi alirudishwa na mandu zake, zile sambusa za mvuke, kwa kuwa zimekunjwa ukingoni, na watu wakashindia mchuzi mtupu.

Siku ya ugeni wa Naibu Waziri, mtafiti Noh Yeon-suk alifika mbio, amekumbatia ndoo ya barafu yenye protini alizotoka kuzitengeneza jengo la zamani. Mitokondria zilimngoja ndani. Zikikaa sana huchoka, na kazi yake ya wiki nzima ingemwagwa. Akamwinamia bawabu, kama mtoto yeyote aliyelelewa vyema.

"Umejikunja, binti," akasema Mzee Tak.

"Nimekusalimu!"

"Nimeona. Subiri unyooke. Aliyejikunja sana husubiri sana, ndiyo amri."

"Mzee, protini zangu zimenyooka kukushinda wewe!"

"Basi zenyewe zipite."

"Kwani zina miguu?"

Barafu ikaanza kuyeyuka. Yeon-suk akasimama wima kama mlingoti, machozi yakimlengalenga.

Gari jeusi likasimama. Mkurugenzi akatoka mbio kumlaki mgeni, na kwa mazoea akainama hadi tai ikafagia lami. Naibu Waziri akaitikia kwa kidevu tu.

"Mheshimiwa hajajikunja, apite," akasema Tak. "Binti, wewe ulijikunja kidogo, umeshanyooka. Kimbia!"

Mkurugenzi akawafuata. Mkono wa Tak ukamzuia kifuani.

"Wewe, bwana, umejikunja mno."

"Tak! Amri niliitoa mimi!"

"Nasi tunaisifu, bwana. Keti wima."

Huko ndani protini zilipenya mitokondria zikiwa nzima, Yeon-suk akaruka kwa furaha, na Naibu Waziri, akidhani yeye ndiye mkurugenzi, akampongeza kwa kuongoza taasisi vizuri.

Nje, kwenye kigoda cha bawabu, jua la vuli lilikuwa tamu. Mkurugenzi alijitahidi kukaa wima, kichwa kikamlemea taratibu, kidevu kikafika magotini, akalala fofofo.