Kanape Zilizohamia kwa Maman Euphrasie

Jumatatu, 5 Juni 2023
Serikali ya jimbo imetukumbuka! Stanislas, mkuu wa avenue yetu, ametangaza kwamba Alhamisi maajenti watapita nyumba kwa nyumba kuandikisha maskini. Atakayeandikwa atapata cheti cha kutibiwa bure. Ngiri yangu inangoja kupasuliwa mwaka wa nne. Mimi, mwalimu nisiye na mshahara, msemaji wa harusi na matanga yote ya hapa Kadutu, nastahili. Stanislas akanishika tai, akanicheka mbele za watu: "Masikini gani iko na kravati?"

Jumanne, 6 Juni
Nimetafakari. Umaskini usioonekana hauandikwi. Kizuizi ni kanape zangu mbili za mahameli, makochi aliyoniachia marehemu mke wangu, na televisheni iliyokufa kabla yake. Zikionekana, nimekwisha.

Jumatano, 7 Juni
Maman Euphrasie, jirani yangu mjane, amekubali kunihifadhia vyote. Naye anakingoja cheti hicho: mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, ananitambua kwa sauti tu. Aliuliza kama vitu vyangu havitamponza. Nikamhutubia juu ya ujirani mwema. Dakika ya kumi akachoka, akafungua mlango.

Alhamisi, 8 Juni
Nyumba tupu! Hata mkeka nimeuondoa. Ikabaki nguo. Nikashuka mbio kwa Gracien, fundi wa pikipiki, kuazima ovaroli lake lenye oili. Niliporudi, mlangoni pangu palikuwa na neno moja la chaki: AMEHAMA. Nikawafuata maajenti, nikajieleza kwa Kifaransa safi. Wakajibu kwamba mwenye Kifaransa kile hana haja ya msaada.

Jumamosi, 10 Juni
Orodha imebandikwa. Simo. Stanislas yumo, tena wa kwanza! Maman Euphrasie aliniomba nimsomee jibu lake. Nikasoma: amekataliwa, ana kanape za mahameli na televisheni. Akaigeukia sauti yangu.
"Papa Adalbert, kuya ubebe vitu yako. Mi siione, lakini bale maajenti baliiona muzuri sana."

Jumatatu, 12 Juni
Kanape zimerudi; nimezikalia, nafikiri kwa utulivu. Nje, Maman Euphrasie anapapasa ukuta akienda kuchota maji. Nilikohoa. Hakunisalimu.
Kosa nimeligundua: nyumba ilikuwa tupu mno. Inasemekana maajenti watarudi Septemba. Safari hii nitabakiza mkeka. Vingine nitavihifadhi kwa Maman Bintu, mama wa watoto sita. Kwake nafasi ni tele. Hana kitu ndani.