Otilia Ameandika

Jumapili, 29 Oktoba
Daktari amenipa majuma mawili. Basi naandika ukweli. Kaburini hakuna kufuta. Leo, kwa Siku ya Wafu, tumepamba dukani madhabahu ya marehemu mke wangu Otilia: maua, ubani, kikombe chake cha chokoleti, simu yake. Simu haina betri. Niliitoa mwenyewe ilipovimba.

Jirani yetu Nabor alikuja kutia kinga mpya ya virusi kwenye kompyuta ya duka la mjukuu wangu Maricruz, mwoka mikate. Akabandika karatasi: USIFUNGUE USICHOKIJUA. Eti inanihusu mimi! Mwalimu wa fasihi miaka arobaini! Na huyu alicheza dansi na Otilia mwaka 1961. Nyimbo tatu. Nimeizima kinga yake. Tuone atajigamba na nini.

Jumatatu, 30 Oktoba
Barua pepe dukani. Kutoka kwa Otilia! "Mpenzi wangu, nimekukumbuka. Fungua picha hii." Nywele zikanisimama. Miaka hamsini na miwili aliniita bichwa boga tu. Kumbe kifo kimemlainisha. Na wiki hii si ndiyo wafu hurudi? Nikafungua.

Skrini nyeusi. Oda zote za mikate ya wafu, familia mia mbili, zimefungwa. Wezi wa mtandaoni wanadai fidia ili wazifungue. Maricruz akamvaa Nabor: kinga gani hiyo, mzee, au ulitubandikia karatasi tu? Nabor alinitazama. Nikakohoa, nionewe huruma.

Jumanne, 31 Oktoba
Nabor karudi bila kuitwa. Ameisafisha kompyuta, akaiwasha kinga, akachomeka flashi yenye nakala ya pekee ya oda. Aliihifadhi Jumapili alipokuja. Maricruz amelia kwa furaha. Bila oda hizi, alisema, ningefunga duka.

Pembeni Nabor akaninong'oneza kwamba wezi wameiteka akaunti ya barua pepe ya Otilia, maana hatukuifunga alipofariki. Marehemu hatumi picha, Mwalimu. Akaongeza kwamba anajua nani alizima kinga, na anangoja niseme mwenyewe. Kesho nitasema. Naapa.

Jumatano, 1 Novemba
Asubuhi. Maricruz yuko kwenye tanuri. Kesho familia zote zinapeleka mikate makaburini. Mimi nalinda kompyuta. Nilikuwa najiandaa kuungama.

Simu ya Otilia ikawaka kwenye madhabahu. Bila betri. Moshi wa ubani ukageuka, ukanielekea. Ujumbe: "Bichwa boga wee, usifungue! Yule si mimi. Na umwombe Nabor radhi."

Wezi hawa! Matusi, tena wanamtetea Nabor! Sikudanganyika. Niliifunika simu kwa kitambaa. Baridi kama jiwe la kaburi. Chini ya kitambaa inaendelea kuwaka.

Papo hapo kompyuta ikalia. "Mpenzi wangu, picha ilikataa. Jaribu tena."

Huyu ndiye Otilia wangu. Kinga ikanizuia. Nikaizima. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi tena; taa ya flashi ikapepesa, ikafa.

Maricruz anauliza kutoka jikoni: babu, oda ya kwanza ya nani?

Nimemwambia akamuulize Nabor.