Mkanda wa Cherehani ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Bendi yetu ya panki, ule muziki wa magitaa na hasira, inarekodi wimbo wake wa kwanza Alhamisi. Nimeamua. Mtangazaji wa redio anapokea nyimbo za bendi changa hadi Ijumaa, na atapiga mmoja tu. Mashairi ni yangu. Lazima yasikike. Studio hatuna, ila tuna chumba cha shangazi, fundi cherehani, kilichojaa sare za shule hadi darini. Vitambaa humeza mwangwi. Nimesoma. Nyundo, mpiga ngoma wetu, akasema naye amesoma, tena kabla yangu. Mtu anayepotea kila kiitikio!

Jumanne, 5 Machi
Nimemwomba shangazi asimamishe cherehani kwa wimbo mmoja. Akauliza unahusu nini. Ghadhabu, nikasema. Akasema ghadhabu anayo ya kutosha, sare zinatakiwa Ijumaa, na kama nataka kimya, niende makaburini.

Jumatano, 6 Machi
Alipotoka kumpima mteja, nilichomoa mkanda wa cherehani. Bila mkanda gurudumu halizunguki. Uko kwenye mfuko wa gitaa. Sijisifu, ila huu ni uongozi.

Alhamisi, 7 Machi
Tumerekodi kwa simu ya binamu, mpiga besi wetu, tukiwa tumeiegemeza kwenye pasi. Shangazi alitafuta mkanda, akawalaani panya, akatulia. Tukaanza. Ubeti wa kwanza, safi. Ubeti wa pili, kutoka nyuma ya sare: taka-taka-taka-taka. Kumbe ana mkanda wa akiba. Nani huwa na mkanda wa akiba? Nikamkazia macho katikati ya sare. Naye akanikazia yake, mguu haukusimama. Nikaimba kwa hasira ya kweli. Nyundo hakupotea hata mara moja. Alikuwa anamfuata shangazi. Tulipomaliza tu, simu ikaisha chaji. Hakuna kurudia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeupeleka hivyohivyo, shingo upande. Mtangazaji alisikiliza amefumba macho. Akauliza ile mashine ya kutisha kwenye ubeti wa pili inapigwa na nani. Nikasema ni hitilafu, tutaiondoa. Akasema nikiiondoa hapigi wimbo. Nikaiacha.

Jumapili, 10 Machi
Jana tulisikika. Leo kinyozi wa jirani amemwita shangazi Mama Panki, na wateja wake wote wakampigia makofi. Shangazi akasema hajui wanachoshangilia, yeye alikuwa anashona mifuko ya kaptura. Mashairi yangu hayajatajwa na mtu. Nimezunguka mtaa mzima nikisubiri yatajwe.

Mtangazaji anataka wimbo wa pili. Nyundo anapendekeza tumwombe shangazi apige tangu mwanzo. Nimemwambia tatizo la wimbo wa kwanza tunalijua, na dawa yake ninayo. Tunarekodi Alhamisi, chumba kilekile, na safari hii tutasikika sisi. Mikanda yote miwili iko kwenye mfuko wa gitaa.

Binamu anasema fundi makini huwa na mitatu. Binamu haelewi muziki.