Malalamiko ya Baba Kuhusu Mitokondria za Wanawe

Al Khuwair, Maskati
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa Mwalimu Bashayer,
Somo la Baiolojia, darasa la kumi na moja

Mwalimu Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wazazi wako, na kwamba seli zako zote zinafanya kazi kama unavyozifundisha. Mimi ni Yaarub bin Musallam, baba yake Atheer, yule binti anayekaa deski la mbele na kuuliza maswali. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Ningeandika Kiarabu, barua ingesomwa na ofisi nzima kabla haijakufikia, na jambo lenyewe ni la aibu ya nyumbani. Kwenu najua Kiswahili hakijatoka, maana babu yako na baba yangu walikuwa wakigombana kwa lugha hiyohiyo.

Ama baada ya salamu, mimi si mtu wa kupinga elimu. Nina gereji mtaa wa Ghala, nafungua injini tangu sina ndevu, na Atheer aliponieleza seli nilielewa upesi kuliko kaka zake. Seli ni gereji. Utando wa nje ni ukuta na geti, unachagua nani aingie na nani arudi alikotoka. Ribosomu ni mafundi, kazi yao kuunga protini mchana na usiku. Golgi ni yule bwana wa stoo anayefunga vitu na kubandika anwani ili kila kimoja kifike kinakotakiwa. Hayo yote nayakubali kwa moyo mkunjufu. Nisiyoyakubali ni haya.

1. Kuhusu kiini. Umefundisha kwamba kiini ndicho mkuu wa seli, kimehifadhi maagizo yote, na nusu ya maagizo hayo hutoka kwa baba. Hapo nilikuombea dua. Lakini ukaongeza kwamba kiini hakitoki chumbani mwake. Hutoa nakala za maagizo kupitia matundu, na wanaotoka jasho ni wengine. Tangu siku hiyo, nikituma ujumbe wa simu kutoka majlisi kuomba chai, wanangu wananiita Kiini. Chai yenyewe inachelewa.

2. Kuhusu mitokondria. Hapa ndipo penye kidonda. Ijumaa, sote tumezunguka sinia la wali, na mama mkwe wangu Bi Sayyida yupo, amekuja kutoka Qantab, ambaye nimemwita khaloo, yaani mama mdogo, tangu sijaota meno, Atheer akatangaza kwamba mitokondria ndizo zinazochoma chakula kwa hewa tunayovuta na kuupa mwili karibu nguvu zake zote. Kwamba utando wao wa ndani umekunjwakunjwa ili kazi nyingi ifanyike mahali padogo. Kwamba zina maagizo yao wenyewe, hazingoji kiini kwa kila jambo. Na kwamba mtoto huzipata kwa mama peke yake. Kwa mama! Mwalimu, mimi nina shajara ya ukoo ukutani, majina ya wanaume kutoka darini hadi kwenye kochi, fulani bin fulani, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwamba alitembea kwa nguvu za ukweni.

3. Nikauliza kwa upole, za baba zinakwenda wapi? Nikajibiwa kwamba chache huingia, kisha yai huzitambua na kuzisaga. Mambo ya faragha sitamwandikia binti wa watu. Nauliza adabu tu. Hapa kwetu mgeni akifika hupewa halwa na kahawa kabla hajaulizwa shida yake. Hata Unguja, walikotoka wazee wetu, mgeni hupewa siku mbili, ya tatu ndiyo jembe. Wangu hawakuonjeshwa hata kikombe.

4. Ili kunituliza, Atheer aliniambia kwamba mimi ndiye niliyewapa kaka zake, Fahd na Yazan, kromosomu ya Y, ambayo mama yao hana. Nilifurahi mpaka nilipoonyeshwa picha yake, fupi kama kisiki kando ya X ya mama yao. Juu ya namba nne sina zaidi la kusema.

5. Sasa sikiliza hasara. Tangu marehemu baba yangu achimbe shimo la shuwa nyuma ya nyumba hii, kila Idi nyama hufukiwa kwangu, hulala kwenye makaa kwangu, hufukuliwa kwangu, na ukoo mzima hula kwangu. Siku nyingine zote watoto wana simu zao. Siku ile wananijia mikono mitupu, wanakaa mpaka magharibi, nami nawaona wote kwa mara moja. Basi mke wangu Zeyana ametoa hukumu kwamba, kwa kuwa nguvu za watoto hawa asili yake ni Qantab, Idi Kubwa hii ni haki waende wakazishukuru Qantab. Wanangu wakapiga makofi. Bi Sayyida naye akanitumia ujumbe wa sauti: "Yaarub mwanangu, nna mbuzi wawili hapa wamenona, mashaallah. Wewe njoo na njaa yako tu." Nimekwenda kuwatazama mbuzi wale, na wamenona kweli. Lakini shimo langu litakuwa baridi, nami nitakuwa mgeni siku ya Idi, na wewe umeshafundisha wageni hufanywa nini.

6. Kama nguvu ni za Qantab, basi ziwe za Qantab zote. Fahd alipanda juu ya tangi la maji akaruka na shuka mgongoni. Yazan aliliendesha gari langu kinyumenyume mpaka ndani ya duka la kinyozi, na kinyozi yumo. Aliyekwenda kuomba radhi ni mimi. Natoa hoja kwamba upande wa mitokondria nao upite nyumba kwa nyumba, ukaombe radhi upya, na kwa kinyozi uanzie.

7. Kuhusu lisosomu. Umesema ni vifuko vinavyomeng'enya sehemu za seli zilizochakaa ili vipande vyake vitumiwe tena. Tangu somo hilo Zeyana ananitazama magoti. Naomba kujua kwa maandishi kuchakaa kunaanza na umri gani.

Maombi yangu ni madogo. Somo hili liahirishwe mpaka Idi ipite. Kama ratiba hairuhusu, mitokondria zirithiwe kwa zamu, Idi Ndogo kwa mama na Idi Kubwa kwa baba. Kama maumbile yamekataa, itafutwe oganeli moja inayotoka kwa baba tu, hata kama kazi yake ni kukaa. Ikikosekana, mnipe mimi binafsi zile kloroplasti za mimea zinazopika chakula kwa mwanga. Jua la Maskati lipo la kutosha, nitakaa uani na kujitegemea. Na haya yote yakishindikana, sina budi kumtoa Atheer Baiolojia na kumpeleka Historia, ambako mtu bado anarithi kwa baba yake.

Nakuombea kheri katika kazi yako ngumu. Nisalimie mama, baba, wadogo zako, walimu wenzako, na yule bawabu anayemfungulia Atheer geti akichelewa. Zeyana anakusalimu, ingawa hajui kama nimeandika. Fahd na Yazan wanakusalimu. Khaloo wangu Bi Sayyida naye anakusalimu kutoka Qantab.

Ni mimi, mzazi aliyesagwa,
Yaarub bin Musallam

Baada ya saini: Nilipoandika salamu za Bi Sayyida, kalamu ilisita. Bi Sayyida ni khaloo wangu kweli, si wa heshima tu. Ni mdogo wake marehemu mama yangu Rayya, baba mmoja mama mmoja. Mimi nimemuoa binti wa mama yangu mdogo, kama alivyotaka bibi yetu, na jambo hilo nimelizoea hata likanitoka akilini. Sasa hebu tazama. Bibi aliwapa mitokondria zake binti zake wote wawili. Mama akanipa mimi. Bi Sayyida akampa Zeyana, na Zeyana akawapa watoto. Nimezipanga kwa vikombe vya kahawa mezani, nikazipanga tena, na ni zilezile. Hazikupitia kwangu, lakini ni zangu.

Mama alifariki Atheer hajazaliwa. Nilidhani kilichobaki chake humu ndani ni chetezo na cherehani. Kumbe yumo ndani ya watoto wote watatu, bado anawachomea chakula wapate nguvu. Nimelia, Mwalimu, nakwambia wazi.

Kwa hiyo tafadhali usibadilishe hata nukta. Lifundishe somo hilo tena, na kwa sauti. Atheer anabaki Baiolojia. Idi tunakula Qantab, na shimo la huko nitalifukua mimi mwenyewe. Nguvu ninazo, na sasa namjua aliyenipa.