Habari za Heinke, na Jinsi Bremerhaven Ilivyogombania Mgeni na Hamburg

Sogeeni, enyi wenye nafasi, nanyi msio na nafasi sogeeni pia, kwa maana vita nitakavyowasimulia havikupigiwa baragumu wala havikumwaga damu, ila kahawa kidogo juu ya meza. Navyo vilipiganwa Bremerhaven, pale mto Weser unapoingia baharini na upepo haumwombi mtu ruhusa. Namtaja Heinke mke wa Onno, mwalimu wa udereva, mshika breki ya pili, aliyeketi miaka mingi upande wa abiria akiwaokoa vijana wa mji ule na mauti kwa mguu wake wa kulia. Yeye mwenyewe alikuwa amestaafu, ila mguu ulikataa kustaafu.

Chanzo cha vita kilikuwa simu. Gesine, mdogo wake Heinke, aliolewa zamani huko kusini, karibu na Stuttgart, nchi ya vilima na mizabibu na watu wanaofagia ngazi kwa zamu. Mumewe Eugen, fundi mkuu mstaafu wa kiwanda cha giaboksi, alikuwa ametumwa na daktari kwenda Cuxhaven kuvuta hewa ya bahari kwa ajili ya nyonga yake, na katika kurudi walibakiwa na siku moja ya bure, Jumanne. Gesine akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa, kwamba Eugen ameamua siku hiyo waitumie Hamburg. Maana yake, wangemwacha Heinke na mji wake pembeni mwa barabara bila hata kupunguza mwendo.

Fahamuni kwamba Gesine hakuwa amekanyaga mji aliozaliwa tangu walipomzika mama yao. Kila mwaka alikuwa akisema atakuja, na kila mwaka haji, kwa sababu Eugen alikuwa akisema hakuna cha kuona. Na siku ile ya simu Heinke alimsikia kwa masikio yake, nyuma ya sauti ya mdogo wake, akisema kwa utulivu wa mtu anayesoma lebo ya dawa: "Kwenu kuna nini? Makontena na upepo."

Ndipo damu ya mabaharia ikapanda kichwani mwa mwalimu wa udereva, akaomba apewe huyo shemeji.

"Shemeji," akanena Heinke, "hiyo Jumanne nipe mimi. Nitakutembeza mji huu mpaka uombe kiti."

Eugen akafikiri, maana ni mtu asiyetoa hata salamu bila kufikiri, kisha akatoa masharti yake. Hataki kusimamasimama. Hataki kupelekwa kwa majirani kunywa chai na kuangalia picha za wajukuu. Na ikifika saa ya kahawa ya alasiri hajaona kitu cha maana, atawasha gari, naye na mkewe wataelekea Hamburg.

"Usinione mbaya, shemeji," akamalizia. "Ni kwamba petroli nanunua mimi."

Heinke akakubali kwa sauti kuu, akakata simu, na hapo ndipo ilipomjia kwamba ameweka rehani mji mzima, pamoja na minara yake ya taa na samaki wake, kwa mtu asiyependa samaki.

Baraza la vita likaketi jikoni. Mle barazani alikuwamo Heinke, na alikuwamo Onno, fundi wa injini aliyemaliza ujana wake chini ya sitaha ya tagi, akivuta meli kubwa kuliko misikiti pasipo kuziona, na ambaye maneno aliyapima kama mafuta. Heinke akatandaza ramani, akaikandamiza kwa vikombe kwenye pembe zake, akamtaka mumewe ushauri.

"Mvua itanyesha," akasema Onno.

Heinke akamwambia kwamba ameombwa ushauri, hakuombwa hali ya hewa. Onno akajibu kwamba kwa mji huu hayo ni mamoja.

Basi jemedari akapanga peke yake. Asubuhi angeanza na dubu weupe katika bustani ya wanyama iliyo kando ya maji, maana nani asiyeshangaa dubu mweupe. Kisha makumbusho ya wale mamilioni walioondokea bandari ile kwenda Amerika, ili Eugen akae kimya kwa heshima. Kisha meli kuukuu, kisha tuta la mto, kisha mkate wa samaki mbichi na vitunguu, ambao angemshawishi aujaribu. Alifuta, akapanga upya, akafuta tena. Majirani walimwona akitembea ukingoni mwa maji na saa mkononi, midomo ikicheza, wakadhani uzee umemfika mapema.

Lakini mpango usiojaribiwa ni gari lisilopimwa breki, na Heinke hakuwahi kumpa mwanafunzi barabara kuu kabla ya kumzungusha uwanjani. Kwa hiyo Jumapili iliyotangulia akamtoa Onno nyumbani, akampa mwavuli, akamwamuru awe Eugen. Onno akauliza Eugen huwaje. Akaambiwa achechemee na asipende kitu chochote.

Mwanzo alichechemea kwa mguu usiohusika, akarekebishwa. Alipofika kwenye dubu aliinua mabega tu. Lakini kadiri walivyokwenda, uigizaji ulimkolea mzee yule aliyenyamaza maisha yake yote, na mbele ya ile hoteli ya vioo iliyojengwa kama tanga la jahazi akasimama, akaegemea mwavuli, akafumbua kinywa.

"Hivi vioo vyote mmevirundika huku kwa ajili ya nani? Maduka ya barabara kuu yamefungwa nusu yake. Mji wenu umejipaka poda usoni na mgongo mmeuacha wazi."

Heinke akasahau kwamba ni mchezo. Akamjibu, pale pale kwenye upepo, kwamba mji wa shemeji umelishwa na magari na haujapata kulala njaa, ila huu ulilishwa na meli za uvuvi, na meli hizo ziliondoka, na baada yake viwanda vya meli vikafungwa. Je, shemeji alitaka watu wakae gizani wakisubiri? Poda ndiyo iliyobaki, wakajipaka.

"Mimi ni Onno," akasema Onno.

"Najua wewe ni nani. Na hayo maneno hukuyatoa kwa Eugen."

Wakarudi nyumbani, Onno akiendesha, na kwenye kila kona Heinke akikanyaga breki isiyokuwepo.

Walipokuwa wakinywa supu, Onno, ambaye sasa alikuwa amerudia nafsi yake, akaweka kijiko chini na kuuliza: "Na Gesine je?"

"Gesine yumo. Anakuja na Eugen."

"Kuja anakuja. Anataka kuona nini?"

Enyi mnaosikiliza, kuna mishale inayopita katikati ya ngao. Katika mpango ule wote, uliopigwa msasa na kujaribiwa kwa miguu, hapakuwa na hatua hata moja iliyowekwa kwa ajili ya Gesine. Jemedari alikuwa amepigania mgeni na kumsahau mwenyeji. Akasukuma bakuli, akapiga simu, akamuuliza mdogo wake kama vile anauliza jambo dogo la njiani.

Gesine akasema angependa kuuona mtaa wao wa zamani, kule Lehe, kama si usumbufu. "Nipite tu, dada. Hata bila kushuka."

Sasa mtaa ule wa Lehe ndio mtaa ambao Heinke hakumwonyesha mgeni yeyote. Nyumba zake zilikuwa na fahari zamani, zenye mapambo ya maua juu ya madirisha. Leo baadhi zilizibwa kwa mbao, wenyewe hawajulikani waliko, na magodoro huachwa kando ya njia mpaka yaote ukungu. Kumpitisha Eugen hapo ni kumfungulia adui lango. Kutompitisha Gesine ni jambo ambalo Heinke hakuweza kulitaja hata moyoni.

Akazungukazunguka jikoni. Na hapo likamjia lile ambalo huwajia makamanda wakubwa peke yao, nalo ni kuligawa jeshi la adui mafungu mawili. Eugen angepelekwa mbali, mahali pasipo na cha kumuudhi wala cha kumfurahisha, na mtu anayeweza kumvumilia. Upande wa kaskazini, kwenye bandari ya makontena, kuna mnara wa kutazamia, wenye ngazi nyingi za chuma. Na kwa mtu mwenye nyonga ile, ngazi zenyewe zingekula muda. Heinke hakujivunia wazo hilo la mwisho, lakini hakulifuta.

"Utakaa naye huko mpaka nikupigie," akamwambia mumewe.

"Nizungumze naye nini?"

"Usizungumze. Umeweza kutozungumza na mimi miaka yote hii, utashindwa na Eugen?"

Onno akakubali kujitoa mhanga, kwa sharti moja tu: kwamba baada ya siku hiyo, popote atakapomwendesha mwaka ule, mkewe ataketi kiti cha nyuma, ambako mguu wake hautamtisha mtu. Heinke akatia saini moyoni, na iliuma.

Jumanne ikapambazuka na mvua ya kulala, ile isiyoanguka bali hupita kwa ubavu. Eugen akafika mapema kuliko ilivyotakiwa, katika gari la kijivu lililooshwa, akamshika mkono Heinke, akaangalia mawingu, hakusema kitu. Kwa nini aseme, mbingu zilikuwa upande wake.

Asubuhi ile majeshi ya Heinke yalipigwa kila uwanja. Dubu mweupe alikuwa amelala, mgongo kwa watu, na Eugen akamtaarifu shemeji yake kwamba wanyama wa kwao huamka. Katika makumbusho ya wahamiaji alisoma kila maandishi kwa makini, akauliza watu wote wale waliondoka kwa nini, kisha akajijibu kwamba huenda ni upepo. Mkate wa samaki aliufungua, akamtazama samaki, akaufunga, akampa Onno. Gesine alitembea nyuma yao wote amejifunika kofia ya koti, akitabasamu kila alipotazamwa. Ilipopita saa ya chakula Eugen akaichungulia saa yake, akaulizia barabara ya kwenda Hamburg huwa na foleni upande gani.

Heinke akamtazama Onno. Onno akamshika shemeji kiwiko, akamwambia kuna mnara. Eugen akauliza mnara wa nini. Onno akasema wa kutazama makontena. Eugen, ambaye alikuwa ameshashinda na aliweza kuwa mwema, akasema haya, kwamba angalau atakuwa ameyaona yale aliyoyataja.

Akina dada wakaenda Lehe. Heinke aliendesha polepole, akijaribu kuyaficha magodoro kwa mazungumzo, lakini Gesine hakuyatazama magodoro. Aliomba ashuke. Nyumba yao haikuwa imezibwa. Roshani ilikuwa imeondolewa, na mlango ambao zamani ulikuwa wa kahawia ulikuwa umepakwa rangi ya kijani kibichi kama ya ndimu. Gesine akasimama mbele yake na mvua inamtiririka. Kisha, kabla dada yake hajajua anafanya nini, akanyoosha kidole akabonyeza kengele ya ghorofa ya pili.

Ilikuwa sauti ileile, ya kukwaruza, kama ya nyuki ndani ya kopo.

Dirisha likafunguliwa, mwanamke mmoja kijana, kitambaa kichwani na mtoto begani, akauliza wanamtaka nani.

"Samahani, hatumtaki mtu," akasema Gesine. "Tulikuwa tunaisikiliza kengele. Tulikaa hapa zamani."

Yule mwanamke akawatazama wale wazee wawili waliolowa. "Basi sikilizeni tena," akasema, naye akabaki dirishani akingoja.

Gesine akabonyeza tena, akashikilia. Heinke, mshika breki ya pili, ambaye mbele ya lori linalokuja hakupata kupepesa, aligeuka akaanza kuyasoma majina yaliyobandikwa kwenye visanduku vya barua, ingawa hakuwa amevaa miwani.

Walikaa hata wakavisahau vita. Heinke alipokumbuka kumpigia Onno, saa ya kahawa ilikuwa imepita, naye akapiga kwa hofu, akitarajia kuambiwa gari la kijivu limekwisha kuwashwa. Onno akapokea na upepo mwingi.

"Hataki kushuka," akasema.

Wakawakimbilia. Juu ya mnara, katika mvua ya kulala, alisimama Eugen ameshika chuma kwa mikono miwili, nyonga yake imesahauliwa. Mbele yake, ng'ambo ya makontena, yalipangwa magari mapya yasiyohesabika, safu kwa safu mpaka macho yalipokoma, na madereva wakiyaingiza moja moja katika tumbo la meli iliyo kama jengo. Heinke alikuwa ameyaona magari yale maisha yake yote. Haikumpitia akilini kuwa ni kitu cha kuonyesha mtu.

"Yale ya safu ya kushoto, giaboksi zake ni zetu," Eugen akasema, hakugeuka. "Zilikuwa zinatoka getini kwa lori. Sikuwahi kujua zinakwenda wapi."

Onno, ambaye naye ndiyo mara yake ya kwanza kuzitazama meli kutoka juu, alikuwa amesogea kando yake, na wazee wale wawili waliendelea kutazama hata Gesine akawaambia watagandia pale.

Wakaishia kwenye duka la mikate karibu na bandari, kwenye keki ya siagi na kahawa. Eugen akawauliza akina mama wameona nini. Gesine akajibu mlango. Akauliza mlango gani, akaambiwa wa kijani, na dada wale wakacheka hata kahawa ikamwagika. Eugen akafuta meza kwa leso yake, akatafuna, akatazama nje ambako kulikuwa kunaingia giza na Hamburg haikufikika tena, kisha akaiambia keki yake, kwa sauti iliyosikika:

"Si mbaya."

Nanyi msiowajua watu wa kwao Eugen msilipuuze neno hilo, kwa maana kule sifa hutolewa kama jino, na wako watu wema walioishi na kuzikwa bila kulisikia. Onno aliacha kutafuna. Heinke alikaa wima kama aliyevishwa nishani na mfalme, wala hakusema kwamba mnara ule aliuchagua kwa ajili ya ngazi zake.

Basi na ijulikane kwa vizazi kwamba siku hiyo ya Jumanne, mvua ikinyesha na dubu akiwa amelala, mji wa Bremerhaven ulipigana na mji wa Hamburg, ulio mkubwa kuliko wenyewe mara nyingi, ukaushinda kabisa. Mashahidi ni watu wanne na mwuza keki. Hamburg yenyewe, hadi ninaposimulia haya, haijaambiwa.